Nani Amlipe Msimamizi? Mjadala wa Nyumba ya Kupangisha Magomeni

Hoja iliyo mezani ni hii. Mtu ana nyumba kongwe na anataka kuikarabati aipangishe. Je, amkabidhi fundi mkuu mmoja kazi yote, naye ndiye alete wenzake? Au amtafute mwenyewe fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi marumaru na fundi rangi, kila mmoja kwa mapatano yake?

Nyumba tunayoijadili iko Magomeni, Dar es Salaam: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, choo uani, bati limeliwa na kutu. Mwenyewe anataka itoke na apatimenti nne ndogo, kila moja na chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Wasemaji nimewapanga mimi, nikawapa nafasi zao badala ya majina: mama mwenye nyumba aliyestaafu kazi, fundi mwashi wa makamo anayeongoza wenzake, mkadiriaji majenzi ambaye ni mwanamke kijana, na mpangaji. Wanasema yale yanayosemwa kwenye saiti za mji huu kila Jumamosi jioni, saa ya kugawa pesa. Nina upande wangu katika jambo hili na sitauficha.

MWENYE NYUMBA: Naanza mimi kwa kuwa pesa ni yangu, na kiinua mgongo hakiji mara mbili. Fundi mkuu ukimpa kazi yote humjui tena anayechimba wala anayevuta waya. Unamlipa laki tano za bomba, yeye anamlipa fundi bomba laki tatu, na fundi wa laki tatu anakufanyia kazi ya laki tatu. Hizo laki mbili ni cha juu, na cha juu hakiishii kwenye bomba. Kipo kwenye saruji, kwenye marumaru, hata kwenye misumari. Halafu kuna hili la kutanguliza pesa. Nilishampa mtu robo tatu ya pesa ya ufundi siku ya kwanza, akasema anakodi mirunda na kukusanya vijana. Wiki ya pili simu haipatikani. Alipopatikana, alikuwa amefiwa. Sibishani na msiba wa mtu, lakini bati lilikuwa limeshashushwa na mvua ikanyesha ndani. Tangu siku hiyo kila fundi namtafuta mwenyewe, namlipa mkononi, tunazungumza uso kwa uso.

FUNDI: Shikamoo mama.

MWENYE NYUMBA: Marahaba, fundi.

FUNDI: Pole kwa yaliyokufika. Aliyekimbia na pesa yako simtetei. Ila ngoja nikueleze inavyokuwa kila fundi anapoletwa kivyake. Tunamaliza lipu Ijumaa, ukuta umenyooka, timazi imeshuka vizuri. Jumatatu anakuja fundi umeme wako, anatindua ukuta uleule apitishe paipu za waya, maana wiki aliyotakiwa alikuwa na kazi Mbezi. Jumatano fundi bomba naye anatindua upande wa choo. Viraka hivyo vikipasuka baada ya miezi mitatu, utamuuliza nani? Mimi nitasema umeme, umeme atasema bomba, na bomba ameshalipwa ameondoka. Tuje kwenye vifaa. Mama unakaa Tabata, saruji inaisha saa 4 asubuhi, simu yako haipokelewi. Vijana sita wanakaa kivulini mpaka jioni na siku hiyo hawana malipo. Kesho yake wawili hawarudi, wamepata kibarua kwingine. Wewe unasema mafundi si waaminifu. Hao vijana wamekwenda kutafuta chakula.

MKADIRIAJI: Naomba tuhesabu kidogo. Tuchukulie kila apatimenti itapangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Nne ni 1,400,000. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kuchelewa, kwa sababu ukuta umepigwa lipu mara mbili na mafundi wanasubiriana, umekugharimu 1,400,000 ambazo huzioni zikitoka mfukoni, na ndiyo sababu haziumi. Na hapa mjini mpangaji hulipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Ukichelewa mwezi mmoja, mteja uliyemwahidi amekwenda na kodi yake yote ya miezi sita. Wenye nyumba wengi hubana laki mbili za ufundi mpaka zitoe maji, na hizi 1,400,000 hawaziangalii kabisa.

MWENYE NYUMBA: Kwa hiyo mwanangu, nikubali kuibiwa kidogo ili nisipoteze kingi?

MKADIRIAJI: Hapana mama. Ninachosema ni kwamba kuna kazi anayoifanya fundi mkuu na hakuna anayemlipa. Nani aje lini, vifaa vimefika au bado, kipimo kiko sawa, kazi mbovu irudiwe kabla haijafunikwa. Hayo hayajifanyi yenyewe. Ukiwaita mafundi mmoja mmoja, kazi hiyo umeichukua wewe. Una nafasi ya kuwa saiti kuanzia saa 1 asubuhi?

Hapo ndipo ninaposimama mimi mwandishi. Usimamizi ni kazi, na kila kazi ya ujenzi hulipwa, ama kwa pesa iliyoandikwa, ama kwa saruji inayopungua kwenye mchanganyiko. Kwenye miradi mikubwa mkandarasi huweka gharama za kuendesha saiti na faida yake ndani ya mchanganuo wa bei, na mwenye mradi anaziona. Mtaani tunapatana bei ya lipu kwa mita za mraba, bei ya umeme kwa pointi, bei ya bomba kwa choo, halafu tunamwambia mmoja wao: "Na wewe uwaangalie wenzako." Tumempa cheo, hatukumpa ujira. Mtu huyo ataujaza mwenyewe. Ukali wa mwenye nyumba hauwezi kuuziba mwanya huo, wala swala tano za fundi hazitauziba.

FUNDI: Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Duka la vifaa linamtunza fundi anayeleta wateja. Ukinituma dukani na pesa taslimu, risiti itaandikwa bei moja na nitaondoka na chenji isiyoandikwa. Kwenye mchanga ni hivyohivyo, lori likija halijajaa, nani atapanda juu kulitazama? Si mafundi wote wanafanya hivyo, lakini ni wengi, na sababu mnaijua. Mtu anataka nimsimamie nyumba nzima miezi mitatu, bei ya lipu ameibana mpaka inamtosha kijana wangu peke yake. Nauli yangu iko wapi? Mama ntilie ninayekula kwake kwa mkopo nimlipe nini? Wewe nunua vifaa vyako mwenyewe, kalipie dukani, mzigo uje na hati ya kupokelea, niuhesabu nitie sahihi. Usimamizi wangu nilipe kwa wiki, kwa jina lake, mbele ya watu. Ukifanya hivyo kijana akipokea mfuko mmoja na kuandika miwili, mimi ndiye nitakayemfukuza, kwa sababu anaharibu jina linalonilisha.

MWENYE NYUMBA: Kiasi gani?

MKADIRIAJI: Kwa nyumba kama hii ningeanzia asilimia 10 ya pesa yote ya ufundi, ilipwe kidogokidogo kadiri kazi inavyosonga. Mkianzia hapo mtapatana.

MWENYE NYUMBA: Na wewe pia unataka malipo yako. Nyumba ya vyumba sita itabeba fundi, msimamizi na mkadiriaji?

MKADIRIAJI: Mimi sihitaji kushinda hapa. Niite mara moja mwanzoni nikupimie na kukuandikia mchanganuo: mita ngapi za lipu, pointi ngapi za umeme, mifuko mingapi, maboksi mangapi ya marumaru. Ukiwa na karatasi hiyo, mafundi watatu watakupa bei ya kazi ileile, na utaweza kuwalinganisha. Bila hiyo, mmoja anakupigia bei pamoja na dari, mwingine bila dari, na wewe unamchukua wa chini ukidhani umepata nafuu.

MWENYE NYUMBA: Haya. Huyo fundi mkuu mwenyewe nampata wapi? Kila mtu ana fundi wake "mzuri sana", na ukiita wanakuja wamenyoosha mashati na picha kwenye simu.

FUNDI: Picha ziache. Na usikubali kuoneshwa kazi iliyoisha juzi, rangi mpya inasitiri mambo mengi. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza kabla ya masika mbili zilizopita. Ukifika usisimame sebuleni, nenda chooni. Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole, ikilia kama debe tupu chini yake hakuna saruji ya kutosha. Tazama ukuta wa nje ya choo, kule upande wa pili: ukiona rangi imetuna na inamenyeka, maji yanapita. Angalia chini ya kuta, futi moja kutoka sakafuni, maana mji huu wetu una chumvi, na mwashi asiyejali mchanga anaochanganya utamjua hapo. Kisha muulize mwenye nyumba swali moja tu: palipoharibika, alirudi? Kila fundi kazi yake huharibika mahali. Anayerudi ndiye unayemtaka.

MWENYE NYUMBA: Hilo sikuwahi kulifanya.

FUNDI: La pili, zungumza na vijana wake bila yeye kuwepo. Uliza kama Jumamosi wanalipwa. Fundi anayewadhulumu vibarua wake atakudhulumu na wewe, na hata asipokudhulumu, vijana watamkimbia kazi ikiwa katikati. La tatu, mtazame vyombo. Fundi mwashi anayekuja kuazima pimamaji ya jirani nina shaka naye. La nne, usimpe nyumba, mpe choo kimoja. Akivunje, apitishe bomba, apige lipu, apange marumaru, amalize. Mlipe vizuri kwa hicho. Ndani ya wiki mbili utakuwa umemjua kuliko maneno ya watu kumi.

MKADIRIAJI: Naongeza vyeti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Fundi mwenye cheti hicho amekubali kupimwa na mtu asiyekuwa mteja wake.

FUNDI: Dada, mimi nilianza nikiwa saidia fundi, nabeba zege kichwani. Walionifundisha hawakuwa na cheti, na nyumba zao zimesimama mpaka leo.

MKADIRIAJI: Nakubali, na kwa lipu na marumaru sitabishana nawe, kazi yenyewe ndiyo cheti. Kwenye umeme nabishana. Mtu wa umeme lazima awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na daraja la leseni linaeleza kazi gani anaruhusiwa kufanya. TANESCO wenyewe, unapoomba kuunganishiwa, wanadai fomu ya wayaringi iliyogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Tatizo ni kwamba wengine hununua muhuri. Kijana asiye na leseni anavuta waya, mwenye leseni anagonga karatasi bila kuiona nyumba. Mwenye nyumba anajua, ananyamaza kwa kuwa ni rahisi.

MPANGAJI: Niingie hapo. Nyinyi mnazungumzia nyumba, mimi ndiye nitakayeoga humo. Huku ninakoishi sasa nimelipa kodi ya miezi sita mbele. Usiku wa kwanza nafungua shawa ya maji moto, nashika bomba la chuma, mkono unakufa ganzi. Namwambia mwenye nyumba, ananiambia vaa kandambili. Nihame niende wapi, wakati kodi yangu ya miezi sita anayo yeye? Mnapopatana bei ya pointi moja ya umeme, kumbukeni kuna mtoto atakayekanyaga sakafu yenye maji.

MKADIRIAJI: Hiyo ni nyumba isiyo na waya wa kwenda ardhini, au upo lakini haukufungwa mahali. Kwa apatimenti hizi nne: waya wa milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na shawa ya maji moto iwe na njia yake peke yake yenye waya mnene zaidi, 4 au 6, kulingana na nguvu yake. Iwepo na swichi ya kukata umeme unaovuja. Waya ununuliwe na mwenye nyumba, duka linaloaminika, kwa sababu kuna waya feki wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ukikwangua kwa kisu utaona weupe ndani.

Mpangaji hatarudi tena katika mjadala huu, lakini nawaomba wasomaji wabaki na neno lake. Mambo mengi tunayoyaandika kuhusu nyumba za biashara huhesabu faida na muda, na anayelala ndani hatajwi hata mara moja.

MWENYE NYUMBA: Nimesikia, umeme mwenye leseni, na nitakuwepo siku anayofunga. Sasa kuta. Nataka ule ukumbi wa katikati upanuke. Fundi mmoja ameniambia ukuta ule unatoka kwa siku moja.

FUNDI: Kutoka unatoka. Swali ni nini kilichoko juu yake.

MKADIRIAJI: Na swali hilo halijibiwi na fundi wala na mimi, ni la mhandisi. Mama, halmashauri ya manispaa inataka kibali kwa mabadiliko ya aina hiyo, na nakushauri usilione kuwa usumbufu. Mnakumbuka Kariakoo, Jumamosi ya 16 Novemba 2024. Jengo la ghorofa lilianguka asubuhi watu wakiwa madukani. Zaidi ya watu 20 walikufa, wengine makumi walifukuliwa wakiwa hai. Waliokuwa jirani walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa kukichimbwa ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Na kule Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, wafanyakazi wawili wakafa.

MWENYE NYUMBA: Yangu haina ghorofa.

FUNDI: Mama, ukuta wa chumba kimoja unatosha kuua. Na ukianguka hauanguki juu ya mwenye nyumba. Sisi ndio tunaokuwa chini. Tena nikwambie, fundi aliyekuambia siku moja anajua hatari hiyo kuliko wewe. Amesema siku moja kwa sababu akisema "mwite mhandisi" utamwita fundi mwingine, na huyo mwingine atasema nusu siku.

Maneno haya ya fundi ndiyo yanayonifanya niandike. Ukarabati ni hatari kwa namna ambayo ujenzi mpya siyo. Kwenye kiwanja kitupu unajua ulichokiweka. Kwenye nyumba ya zamani hujui aliyekutangulia alipunguza nini: nondo, saruji, au kina cha msingi. Kila fundi anayetindua anatindua gizani. Kumpa pesa kidogo na muda mfupi, kisha kumwambia aharakishe kwa kuwa kuna mteja anasubiri na kodi ya miezi sita, ni kumweka mtu chini ya ukuta ambao wewe mwenyewe usingesimama chini yake. Sijali hoja ya gharama hapo. Ukuta unaobeba usiguswe kabla ya mhandisi kuutazama, na mwenye nyumba asiyeweza kumlipa mhandisi auache ukumbi wake ulivyo.

FUNDI: Na akianguka mtu kutoka kwenye mirunda? Hili halizungumzwi mpaka litokee. Kijana amevunjika mguu, anapelekwa hospitali kwa bodaboda, na tunaanza kuchangishana palepale saiti.

MKADIRIAJI: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko, WCF, unaochangiwa na waajiri. Kampuni iliyosajiliwa inachangia kwa ajili ya watu wake. Kibarua wa mtaani, ambaye jina lake halijaandikwa popote, ndiye anayebaki na mguu wake. Angalau muandikishane mapema: matibabu ya ajali ya kazini juu ya nani, na pesa ya kuanzia iwekwe wapi. Na viatu na kofia mnunue mwanzoni, mziweke kwenye mchanganuo kama mnavyoweka misumari.

MWENYE NYUMBA: Kofia nakubali. Turudi kwenye malipo, maana hapo ndipo nilipoumia. Kwa siku au kwa kazi?

FUNDI: Kwa siku, kazi inakuwa ndefu. Kwa kazi, mtu anakimbia. Lipu ilipwe kwa mita, ila kubomoa na kutindua kulipwe kwa siku, kwa sababu hakuna ajuaye atakutana na nini.

MKADIRIAJI: Na kutanguliza kuwe kwa mirunda na nauli za wiki ya kwanza, basi. Baada ya hapo unalipa kilichokwisha kufanyika, kila Jumamosi, bila kukosa Jumamosi hata moja. Mama, kukosa kwako Jumamosi moja kunaharibu zaidi ya kufoka kwa mwezi mzima. Halafu kuna kazi zinazofunikwa, na hizo ndizo za kukazia macho. Bomba likishazikwa ukutani na marumaru kupangwa juu yake, hulioni tena mpaka livuje. Kwa hiyo kabla ya lipu, funga ncha zote, jaza maji, weka presha kwa pampu ya kupimia, mpaka kesho yake. Mshale ukishuka, hakuna malipo wala lipu mpaka palipovuja papatikane. Sakafu ya choo ipakwe dawa ya kuzuia maji, izibwe, ijazwe maji siku nzima, ndipo fundi marumaru aruhusiwe kuingia. Zege linataka maji kwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa kwa siku 28, kwa hiyo anayekwambia upakie mzigo juu yake keshokutwa mwambie asubiri. Na usinunue saruji ya aina moja kwa kila kitu: ya 42.5 peleka kwenye zege, ya 32.5 inatosha lipu na kujengea.

FUNDI: Kumwagilia ndiko kunakoachwa. Kumwagilia hakuna bei. Mwenye nyumba anaona ni maji tu, fundi anaona si kazi yake, saidia fundi hajaambiwa. Andikeni nani anamwagilia asubuhi na jioni.

MKADIRIAJI: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya mdomo yanatambuliwa na sheria yetu ya mikataba, lakini mkifika Mahakama ya Mwanzo kila mtu atakuwa na mdomo wake. Karatasi moja inatosha: kazi gani, kipimo gani, bei gani, nani ananunua nini, malipo lini, na mabadiliko yote yaandikwe kabla ya kufanyika. Pelekeni ofisi ya serikali ya mtaa mkashuhudiwe.

MWENYE NYUMBA: Mabadiliko yaandikwe? Ikiwa nimeamua tu soketi ihamie ukuta wa pili?

FUNDI: Hasa hiyo, mama. Soketi inahama, mtaro wa zamani unazibwa, mpya unatinduliwa, na jioni unasema hatujamaliza. Soketi tatu za namna hiyo ni siku nzima ya mtu.

Kuna kundi la wenye nyumba ambao mazungumzo haya yanawahusu kuliko mama huyu, nalo ni wale walioko Muscat, London au Minneapolis, wanaotuma pesa kwa ndugu. Ndugu hupewa usimamizi bila ujira, kwa hoja ileile ya "uwaangalie", na huwa hana ujuzi wa kuangalia. Matokeo yake undugu unavunjika pamoja na nyumba. Kwao ningesema mdogo wako apewe kazi anayoiweza, yaani kupokea mzigo na kuuhesabu, na alipwe. Kupima kazi kulipiwe kwa mtu wa fani, na kila kinachofunikwa kipigwe picha ya video mita ya kupimia presha ikionekana, kabla pesa ya hatua hiyo haijatumwa.

Kuhusu hoja yetu ya mwanzo, ningempa fundi mkuu lipu, bomba, marumaru na rangi, pamoja na ratiba ya watu wote waingiao saiti. Usimamizi wake ungeandikwa na kulipwa. Umeme na chochote kinachogusa ukuta unaobeba ningekibakiza mkononi mwa mwenye nyumba, kwa mapatano yake na wenye leseni, ila waje siku atakayoipanga fundi mkuu. Mama na fundi walikubaliana na mgawanyo huo haraka kuliko nilivyotarajia. Waliposhindwa kukubaliana ni kwenye pesa ya mwisho.

MWENYE NYUMBA: Nabakiza sehemu moja ya kumi ya ufundi mpaka nione nyumba imetulia.

FUNDI: Mpaka lini? Wenye nyumba "kutulia" kwao hakuna mwisho. Nina pesa za namna hiyo kwenye nyumba tatu hapa mjini.

MKADIRIAJI: Kwenye mikataba mikubwa inaitwa fedha ya matazamio, na muda wake unaandikwa, miezi sita au mwaka.

FUNDI: Mwaka! Vijana wangu wataisubiri mwaka?

MWENYE NYUMBA: Basi mpaka masika ipite. Bati, mifereji na zile kuta za choo hazijulikani kabla ya Aprili.

FUNDI: Tunamaliza Novemba. Vuli nayo ni mvua.

MKADIRIAJI: Gaweni. Nusu ilipwe vuli ikiisha na hakuna panapovuja. Nusu ilipwe tarehe 31 Mei, iandikwe hivyohivyo, na fundi akiitwa katikati arudi ndani ya siku tatu.

FUNDI: Nakubali tarehe. Ila hiyo pesa isikae kwa mama. Ikae kwa mtu wa tatu.

MWENYE NYUMBA: Nyumba yangu, pesa yangu, halafu ikae kwa mtu mwingine?

FUNDI: Mama, wewe hukuniamini na robo tatu ya ufundi siku ya kwanza, na ulikuwa na haki. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kuogopa sehemu yangu ya kumi siku ya mwisho. Ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa karatasi, na sahihi zetu wote watatu.

MWENYE NYUMBA: Nitafikiria. Choo kimoja kwanza, kama ulivyosema. Njoo Jumatatu na vyombo vyako.